Gego la Karani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, ukianza na za Baba, ambaye alisimama mlangoni kwa mikono nyuma mpaka alipoona nimeandika mstari huu wa kwanza, ndipo akaondoka. Vipi hali yako huko kambini? Kifua kimezoea lile vumbi? Dereva anayewaletea vifaa aliniambia kuwa mmeshapima ardhi mpaka upande wa mabonde, na kwamba umekonda, ila sauti yako ya kuamrisha watu haijapungua hata chembe. Nilicheka, na roho ikatulia kidogo.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Goti la Baba linamsumbua asubuhi, likishapata joto linamwachia. Mwanao Chiriku anakula vizuri. Daktari wa hospitali alimtoa bandeji juzi. Kidole cha shahada anakikunja mpaka mwisho. Kile cha kati bado kigumu, lakini anakifanyisha mazoezi kwa kuminya mpira wa soksi, mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni, na ole wako umkatize akiwa anahesabu. Sindano zake amemaliza zote, ya mwisho jana. Hakulia.

Alhamisi iliyopita jioni, ulipopanda kile kilima chako kutafuta mtandao, uliniuliza kama lile jambo la mbwa limekwisha. Nilikujibu kuwa limekwisha. Simu ikakatika, nami, Mungu anisamehe, nikashukuru imekatika. Kuna mambo ambayo sisi wawili hatuwezi kuambiana kwa kupiga kelele kwenye upepo, ndiyo maana nimeamua kuandika. Tafuta mahali ukae, Dada. Usiisome barua hii ukiwa umesimama, na nakuomba usiruke kurasa kama unavyoruka kurasa za magazeti. Nitakwenda hatua kwa hatua.

Unalijua darasa langu la meno. Nilikuandikia nilipolianzisha, mwaka juzi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kushika taa pale kliniki yetu ya wanyama huku Daktari aking'oa meno yaliyooza kwenye midomo ya wanyama ambao wenyewe wanawapenda kama watoto. Watu wanadhani mbwa kunuka mdomo ni kama samaki kunuka samaki, ndivyo alivyoumbwa. Kwa hiyo kila Jumamosi tunasogeza viti vya pale wanaposubiri wateja, naweka taya la plasta mezani, nafundisha. Nawaonyesha namna ya kuinua mdomo wa mnyama kwa kidole gumba na kutazama pale jino linapokutana na ufizi. Nawaonyesha ule ukoga wa rangi ya chai, na mstari mwekundu unaosema ufizi umeanza kuumwa. Tunaanza na kidole kilichozungushiwa kitambaa, sekunde chache tu, na sifa nyingi. Mswaki unakuja baadaye, na dawa ya meno iwe ya wanyama, maana wao hawajui kutema. Kinyozi wa mtaa wa nyuma, ambaye huja na kimbwa chake kilichovalishwa koti, aliniuliza siku ya kwanza kama baada ya mswaki akipake na manukato pia. Darasa zima lilivunjika mbavu.

Lakini kanuni ya kwanza huwa naisema kabla ya zote, na naisema bila mzaha: usipige mswaki mdomo ambao hujaukagua. Ukiona damu, ukiona uvimbe, mnyama akikataa upande mmoja, acha. Usilazimishe. Mlete tumtazame. Kanuni hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya ukutani.

Chiriku alipokuja kwetu kwa likizo, darasa hilo lilimwingia kichwani. Alikaa mstari wa mbele, akauliza maswali mpaka Daktari akasema huyu akikua tumpishe ofisi. Nikampa mswaki mdogo na nikamkabidhi Karani, mbwa wa Baba. Wewe ndiwe uliyemchagua akiwa mtoto, Baba alipofunga kibanda chake cha kutengeneza saa na kubaki nyumbani hana la kufanya, na jina ukampa wewe, kwa jinsi alivyokuwa akikaa getini akimkagua kila anayeingia kama anayemwandikisha. Miaka saba hajawahi kumtolea mtu meno. Nilipokuambia kuwa mwanao anampiga Karani mswaki kila jioni, ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha nikakuambia mpango wangu: Jumamosi moja Chiriku asimame mbele ya darasa awaonyeshe watu wazima kuwa kazi hii hata mtoto wa miaka tisa anaiweza. Tulialika watu wa kliniki nyingine mbili, na mpiga picha, maana Daktari alitaka picha ya kubandika ukutani. Ulisema utajivunia. Nami nilijivunia, Dada. Nilijivunia kupita kiasi.

Jumatatu ya juma lile, jioni, ndipo Karani alipomuuma. Nilikueleza kwa simu kuwa nilikuwa jikoni, kwamba mbwa alikuwa anakula kwenye varanda ya nyuma, Chiriku akapita karibu na bakuli lake, naye akageuka akamdaka mkono wa kulia. Hivyo ndivyo nilivyokueleza. Nilimwosha mkono kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, naye ameuma kola ya gauni lake asipige kelele, kisha jirani yetu fundi wa magari akatukimbiza hospitali.

Maneno uliyosema kwenye simu nayakumbuka moja moja. Ulisema mbwa aliyemuuma mwanao bila sababu leo, kesho atamuua. Ulisema siku utakayokuja kumchukua mtoto usimkute, la sivyo mtoto hatakanyaga tena nyumba hii. Baba aliniomba simu. Alikusikiliza, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Mbwa hawezi kuwa mkubwa kuliko mjukuu." Akanirudishia simu, akaenda kukaa kitandani kwake na viatu miguuni, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya.

Mbwa aliyeuma mtu haruhusiwi kuondolewa hapohapo. Sharti afungiwe siku kumi, atazamwe kama ana dalili za kichaa, hata kama amechanjwa. Kwa hiyo Karani aliingizwa kwenye kizimba cha nyuma kazini kwetu, na Baba akatia sahihi kuwa siku ya kumi achomwe sindano ya mwisho. Fomu ya tukio niliijaza mimi, kwa mkono wangu. Penye swali la kitu gani kilimchokoza mnyama niliandika: hakuna, mtoto alipita karibu na bakuli.

Basi zikaanza siku kumi, Dada, na sijui nizifananishe na nini. Kila asubuhi Baba alikuja na kigoda chake, akakiweka mbele ya kizimba, akakaa. Hakuongea na mbwa, hakuongea na sisi. Aliingiza vidole viwili tu kwenye wavu, na Karani akaviegemea kwa shavu la kulia. Saa sita anainuka, anakunja kigoda, anaaga kwa adabu, anakwenda zake. Wenzangu walianza kupita upande wa pili ili wasimwone.

Siku ya tatu Daktari alinikuta namwagia maji ya moto chakula cha Karani mpaka kimekuwa uji. Akaniuliza kwa nini. Nikasema tumbo lake si zuri. Daktari akatazama sakafu ya kizimba, palipokuwa na punje ngumu za jana zimetapakaa, zimetafunwa nusu na kutemwa. Akasema, "Ajabu. Mbwa anayeuma mtu kwa uchungu wa chakula, halafu chakula chenyewe anakiacha." Nikajibu kuwa labda ni huzuni. Nilijibu kwa uso mkavu, nikaenda chooni, nikakaa juu ya ndoo mpaka niliposikia ameondoka.

Na Chiriku alinyamaza. Wewe ulisema kwa simu kuwa ni mshtuko, na mimi nikakuunga mkono. Mtoto yule tuliyempa jina la ndege kwa sababu ya mdomo wake, akawa anajibu kwa kichwa. Anaamka, anatandika, anakula, anakaa dirishani na mkono wake mweupe wa bandeji mapajani. Nikiingia chumbani anatoka. Anatoka kwa heshima, Dada, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumamosi ilipofika nilimwomba Daktari tuahirishe darasa. Akasema wageni wameshafika, na mambo ya nyumbani tuyaache nyumbani. Mpiga picha tulimrudisha. Watu walikuwa kumi na wawili. Nyumbani sikuwa na wa kumwachia Chiriku, maana Baba alikuwa palepale, nyuma ya ukuta, mbele ya kizimba chake. Kwa hiyo mtoto akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango.

Nilifundisha kama santuri. Katikati ya somo mshonaji mmoja, mama mpole aliyekuja na paka mkubwa ndani ya kapu, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, huyu nimekaa naye miaka sita hajapata kunikwaruza. Jana nimemgusa shavu, akanirukia. Ndiyo amekuwa mkali uzeeni?"

Nikamjibu kabla sijafikiri, kwa sababu jibu hilo nimelitoa mara mia. Nikasema, "Mnyama mpole akibadilika ghafla unapomgusa mdomo, usiseme amekuwa mkali. Sema anaumwa. Hana njia nyingine ya kukuambia."

Niliinua macho nikakutana na macho ya Chiriku. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama tu, vile mtu anavyomtazama mwingine akingoja amalize sentensi. Mimi sikuimaliza. Nikainua lile taya la plasta, nikaanza kuonyesha jinsi mswaki unavyozungushwa. Chiriku akainuka, akafungua mlango, akatoka, akaufunga taratibu nyuma yake. Yule kinyozi akasema, "Mwalimu leo umelishika vibaya, angalia hilo taya lisikuume." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Dada. Nikacheka pamoja nao, nikaendelea na somo mpaka mwisho, nikagawa na karatasi.

Nilipotoka nyuma nilimkuta Chiriku amekaa sakafuni kando ya kigoda cha Baba. Nilirudi ndani bila kuwaita.

Jumatano asubuhi, nikiwa namsuka nywele, aliniuliza swali moja. "Mama mdogo, kesho ndiyo siku ya kumi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi."

Alhamisi Baba alivaa shati lake la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Alibeba blanketi la Karani limekunjwa vizuri. Daktari alimweleza kuwa si lazima awemo chumbani, wengi hawawezi. Baba akasema huyu amemsubiri getini miaka saba, yeye hatashindwa kumsubiri dakika tano. Tukatandika blanketi juu ya meza ya chuma. Karani alipanda mwenyewe kwa kusaidiwa kidogo, akalala, akaweka kidevu kwenye kiganja cha Baba. Daktari akamnyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akafuta kwa pamba, akavuta dawa. Kazi yangu katika shughuli hiyo ni kubana mshipa kwa kidole gumba ili uonekane. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Nikaubana. Mshipa ukasimama. Daktari akainama na sindano, akaniambia, "Mshike vizuri."

Nikauachia.

Daktari alidhani nimeteleza. Akasema, "Bana tena." Nikasema, "Hapakuwa na bakuli."

"Unasema nini?"

"Karani hakuwa anakula. Hapakuwa na bakuli lolote. Nimeandika uongo kwenye fomu. Mtazameni mdomo, upande wa kushoto."

Daktari alikirudisha kifuniko cha sindano, akaiweka kwenye trei mbali na meza, pole pole, kama mtu anayeweka yai. Baba hakuinua uso. Mkono wake ulikuwa bado chini ya kidevu cha mbwa. Akasema tu, "Maliza kusema, mwanangu." Nikamaliza. Nilisema yote nimesimama palepale, na nilipofika mwisho Baba alifumba macho.

Daktari akainua mdomo wa Karani kwa kidole kimoja. Mbwa alilia, Dada, sauti nyembamba kama mlango unaohitaji mafuta, lakini hakuuma. Badala ya sindano ya mwisho akachomwa nusu kaputi. Gego kubwa la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limepasuka kutoka kichwani mpaka ndani ya ufizi, na ule ukoga ulikuwa umelifunika ufa kama lipu inavyofunika ukuta mbovu. Daktari alipogusa ufizi, usaha ukatoka. Kwenye picha ya eksirei palionekana kivuli cheusi kwenye ncha za mizizi, chini kabisa ya jicho. Gego lile lina mizizi mitatu, ilibidi likatwe vipande vitatu ndipo litoke, na meno mawili ya jirani yake yaliyokuwa yamelegea yakatolewa pia. Ilichukua zaidi ya saa moja. Nilishika taa muda wote. Daktari hakuniambia neno isipokuwa "huku" na "shusha".

Sasa, Dada yangu, nakuambia na wewe kile nilichosema mezani.

Jumamosi iliyotangulia, siku mbili kabla ya kuumwa, Chiriku alinijia nikiwa naandika hotuba yangu ya darasa. Akaniambia, "Mama mdogo, Karani anakataa upande wa kushoto, na mswaki umetoka na damu." Alikuja nao mkononi anionyeshe. Sikuinua kichwa. Nikamwambia ni fizi zinazoea, aendelee taratibu, wageni wanakuja juma lijalo. Jumapili akaja tena. Akaniuliza, "Lakini si ulisema darasani tukiona damu tuache?" Nikamjibu kuwa hayo ni kwa ajili ya watu wasiojua, sisi tunajua. Ndivyo nilivyosema kwa mdomo huu.

Jumatatu akanililia kuwa hataki. Nikamwambia amshike mdomo barabara, amalize upande wa kushoto, asiwe mwoga. Nikarudi jikoni. Nilimsikia Karani akinung'unika. Nilimsikia mwanao akiniita, "Mama mdogo, anaumia!" Nikapaza sauti, "Malizia tu!" Na mwanao, kwa sababu mmemlea vizuri, akanitii. Mbwa aliuma mara moja, akaachia palepale, akaenda kujificha nyuma ya pipa la maji huku amebana mkia.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi, na nimeliandika na kulikata mara tatu. Tukiwa kwenye gari, kitambaa mkononi mwake kimelowa damu, nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Tukiulizwa, tuseme ulikuwa unapita karibu na bakuli." Akanitazama akasema, "Lakini sikupita." Nikamwambia, "Darasa litafungwa, Babu atahuzunika, na mama yako atakasirika kuwa mlikuwa mnachezea mdomo wa mbwa." Dada, nilisema "mlikuwa". Nikajitoa mimi. Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo ndipo alipoacha kuongea. Wewe ukaita mshtuko, mimi nikakuachia uite mshtuko, na mtoto akabeba uongo wangu siku kumi huku akijua kuwa mwisho wake ni mbwa kufa.

Nilikuwa naogopa nini? Nilidhani naogopa kukuumiza. Si kweli. Niliogopa kuwa yule mtu anayeitwa Mwalimu kila Jumamosi ataonekana ni nani.

Na la tatu: Karani yuko hai. Uliponiuliza Alhamisi jioni kama limekwisha, alikuwa amelala kwenye kizimba, nusu kaputi bado haijamtoka vizuri, ulimi nje, anakoroma. Nikakudanganya mara ya pili, kwa sababu sikuweza kuyasema haya yote kabla ya upepo kuikata simu. Hayupo nyumbani. Baba ameamua akae uani kwa Daktari mpaka wewe uyajue yote na useme neno lako. Ukisema asirudi, hatarudi. Yupo mama mshonaji yule aliyesema atampokea, na hapa hakuna atakayekununia. Hili sikuombi. Nakuarifu tu, kama ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Baba hakunisemesha mpaka Jumapili. Jumapili aliniita twende kwa Daktari, akatoa mfukoni kile kioo chake cha kutengenezea saa, akakibana jichoni, akapiga magoti na lile goti lake bovu, akasema, "Nionyeshe." Nikainua mdomo wa Karani upande wa kulia, ule usiouma, nikamwonyesha ufizi wenye afya ulivyo, nikamweleza ule uliovimba unavyokuwa. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Miaka arobaini nimefungua saa za watu. Huyu sikumfungua mdomo hata siku moja." Nikaanza kumwambia kuwa kosa si lake. Akanikatiza, "Najua ni la nani. Inua hapo tena, sijaona jino la nyuma." Hayo ndiyo maneno yote aliyonipa, na yanatosha kwa sasa.

Darasa Daktari amelichukua. Fomu ya zamani haikuchanwa. Niliandika mpya, nikatia sahihi, na zote mbili zimebanwa pamoja kwenye faili, atakayeifungua azione. Kama nitabaki kazini nitaambiwa mwisho wa mwezi. Jumamosi hii nilikaa kiti cha nyuma, Daktari akafundisha, na akaanza kwa kisa cha mbwa mmoja na mtu mmoja aliyejua kila kitu. Hakunitaja. Kinyozi akauliza mtu huyo ni nani, ili asimpelekee mbwa wake. Nikasimama nikasema ni mimi. Mara hii hakuna aliyecheka. Yule mshonaji akanisogezea kiti chake karibu, akaendelea kusikiliza somo. Paka wake alikuwa na meno mawili mabovu, ametolewa, anakula.

Chiriku nilimwendea Alhamisi ileile, pale wanaposubiri wateja alipokuwa akitungoja, nikiwa bado na gauni la kazi. Nilipiga magoti nikamwambia kuwa hakukosea hata kidogo, kwamba aliona kile mtu mzima alichokataa kuona, kwamba nilimfanya aseme uongo na kwamba mtu mzima hana haki ya kumfanyia mtoto hivyo. Nilitegemea alie, au anikatalie. Alinitazama tu, kisha akauliza:

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kumwambia Mama?"

Dada, sijui kama nitapata kusikia swali zito kuliko hilo. Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, na njia nzima ya kurudi nyumbani akaongea. Aliongea juu ya kizimba, juu ya muuguzi wa hospitali mwenye viatu vinavyolia, juu ya rafiki yako wa shule aliyemwona sokoni wiki nzima iliyopita na hakuweza kunisimulia. Baba alitembea katikati yetu, na kila mtoto alipomaliza habari moja alimwambia, "Enhe?"

Usimgombeze kwa kukuficha. Hilo ndilo ombi langu moja. Hasira zote zilete kwangu, uje nazo mzimamzima, nitakuwa stendi nikikusubiri. Ukitaka nisije, mwambie dereva, nami nitamwachia Baba aje peke yake.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, na yule mpishi wenu anayechoma kila kitu. Jikinge na baridi ya alfajiri. Baba anasema koti lako la zamani ameliwekea zipu mpya, utalikuta.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine imekunjwa na kufungwa kwa gundi. Ni ya Chiriku. Ameiandika kwa mkono wa kulia, kwa vile vidole vyake viwili, imemchukua alasiri nzima na amekataa nimwandikie. Sijaisoma. Alipaka gundi mwenyewe mbele yangu, akaniangalia mpaka nikaitia ndani. Kama kuna mahali anasema tofauti na nilivyosema mimi, mwamini yeye.

Ni mimi mdogo wako,
mama mdogo wa Chiriku.